Mtetemo wa Gari la Kamanda

Gari la Kamanda lilikuwa na tabia moja ya aibu. Ukiliwasha linanguruma vizuri kama gari lolote la watu wenye heshima zao, ukiliacha limesimama linatulia tuli, lakini ukikanyaga mafuta tu linaanza kutetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Usukani unatetemeka, kioo cha katikati kinatetemeka, na lile bango la mwanafunzi juu ya paa linagonga bati mpaka wapita njia wanageuka kutazama ni nani huyo anayefunzwa leo.

"Mguu!" Kamanda alipiga kelele. "Mguu wa kushoto, mama! Umeuweka wapi?"

Mama Mizani alikuwa ameuweka chini, kando ya pedeli ya klachi, mahali ambapo watu wote duniani huweka mguu wa kushoto gari likishaingia gia. Lakini kumweleza Kamanda jambo ni kupoteza mate. Mtu huyu hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwa na shati la kaki lenye vibati mabegani, alilonunua mwenyewe, na filimbi aliyoivaa shingoni humo humo ndani ya gari, na mpaka leo hakuna aliyejua mwalimu wa udereva anampulizia nani filimbi akiwa amekaa kwenye kiti kilichofunikwa taulo. Ukubwa wote huo alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyempinga, ukamkaa.

Mama Mizani naye jina lake lilitoka kazini. Kwenye kiwanda cha mikate ndiye aliyepima madonge ya unga kabla hayajaingia kwenye tanuri, na donge likipungua hata kidogo alilirudisha kwa mkandaji pamoja na maneno yake. Ulimi wake ulijulikana kiwanda kizima. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama mbele ya joto lile mwaka nenda mwaka rudi, na sasa alikuwa ameiona njia ya kutoka. Dereva wa gari la kusambaza mikate alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya macho, na tajiri wao akasema wazi mbele ya wote: Mama Mizani akileta leseni kabla ya mwisho wa mwezi, gari ni lake. Asipoleta, atapewa mpwa wa mke wa tajiri, kijana aliyeendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukitengeneza nywele.

Aliitaka kazi ile kiasi cha kujionea haya. Usiku alijiona amekaa, amekaa kabisa, kiti chini yake na upepo dirishani. Lakini mtihani wa udereva alikuwa ameshaufeli mara mbili, na zote mbili kwa namna ile ile: mtahini anaketi pembeni yake, anamwambia "twende", na gari linazima. Analiwasha, linazima tena. Mtahini anaandika, anafungua mlango, anashuka. Ijumaa ilikuwa zamu ya mwisho kabla mwezi haujaisha.

"Ni uoga," Kamanda alikuwa amemwambia. "Na wewe ni mtu mzima. Mwili ukishazoea kusimama haujui tena kukaa."

Mama Mizani alimtazama vile alivyotazama donge lililopungua. Alichokijua, na ambacho Kamanda hakupenda kutajiwa, ni kwamba karibu wanafunzi wake wote walifeli, wazee kwa vijana. Kamanda alikuwa na maelezo yake: watahini walimwonea wivu.

Basi siku ile ya Jumanne, gari lilipotetemeka mpaka filimbi ikawa inacheza kifuani kwa mwenyewe, waligeuza wakaenda gereji.

Gereji ilikuwa ya shemeji yake Mama Mizani, mume wa dada yake mkubwa, fundi ambaye kwa ushahidi wake mwenyewe hakuwahi kukosea. Alikuwa na namna yake ya kuchunguza gari. Alifungua boneti, akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, kisha akafumba macho. Hapo hutakiwi kukohoa. Kwa namna hiyo hiyo, safari ya kwanza alikuwa amesikia plagi, akabadilisha plagi. Safari ya pili akasikia tairi, akazibalansi zote. Safari ya tatu akasikia mipira inayoshikilia injini, akaiweka mipya. Na wiki iliyopita tu alikuwa amefungua klachi, akakuta sahani yake imeungua imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, akaweka nyingine. Haikuwa ya kwanza kuungua mwaka huo. Kila mara gari lilitoka gerejini limetulia, na kila mara lilianza tena kutetemeka kabla halijafika kwenye mzunguko wa barabara.

"Hebu niulize, shemeji," alisema Mama Mizani. "Kwenye mteremko, gari likiwa halina gia, linabingirika lenyewe kwa kasi na wala halitetemeki. Ukikanyaga mafuta ndiyo linatetemeka. Sasa zile tairi ulizozibalansi zilijuaje kwamba mafuta yamekanyagwa?"

Fundi alifumbua jicho moja. "Shemeji, haya mambo ni ya kitaalamu."

"Nimeuliza tu."

"Ndiyo maana kila mtu na fani yake. Mimi siji kukufundisha kupima unga."

Alifunga boneti, akaingia garini peke yake, akazunguka nalo mtaa mzima. Akarudi anatabasamu, kiwiko kikiwa nje ya dirisha. Gari ni zima, alisema, halitetemeki hata chembe, amelikanyagia mafuta mpaka kuku wa jirani wamekimbia.

"Nilisema mimi!" Kamanda alidakia. "Akiendesha fundi halitetemeki. Akiendesha mwanafunzi linatetemeka. Sasa ubovu uko wapi?"

Wanaume wawili wazima, wenye akili zao, mmoja na spana na mwingine na filimbi, wakainamisha vichwa wakautazama mguu wa kushoto wa Mama Mizani. Waliutazama kwa makini hasa, kama ubovu wenyewe ungejitokeza pale kwenye kisigino. Mama Mizani alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. Hasira ile ilikuwa na uchungu ndani yake, maana kwa mara ya kwanza na yeye aliutilia shaka mguu wake.

Jumatano waliingia tena barabarani. Gari likatetemeka, Kamanda akafoka, kila kitu kikaenda kama kawaida mpaka walipopita chini ya mti mmoja uliokuwa umeinamia barabara. Dirisha lilikuwa wazi. Sisimizi sijui mmoja, sijui wawili, wakamwangukia Kamanda pajani, wakatafuta njia ya kuingia ndani ya suruali, na wakaipata.

"Aah! Mshenzi!" Kamanda aliruka. Akaupandisha mguu wake wa kushoto wote juu ya kiti, akaanza kujikuna kwa mikono miwili.

Na gari likatulia.

Mama Mizani alidhani amegusa kitu kwa bahati mbaya. Akakanyaga mafuta zaidi. Gari likavuta, laini kama siagi, usukani umekaa kimya mikononi mwake. Akatupa jicho chini. Pedeli yake ya klachi, ambayo siku zote aliikuta imezama kidogo na yeye akiamini ndivyo ilivyoumbwa, ilikuwa imeinuka juu kabisa. Hakuwahi kuiona ikiwa juu namna ile.

Kamanda akamaliza kujikuna. Akashusha mguu. Pedeli ikazama yenyewe mbele ya macho ya Mama Mizani, kama inakanyagwa na jini, na gari likaanza tena kutetemeka.

Alilipeleka kando ya barabara, akalisimamisha, akainama kutazama upande wa mwenzake.

Gari la kufundishia lina pedeli pande zote mbili. Mwalimu ana breki yake na klachi yake, zimeunganishwa kwa chuma na zile za mwanafunzi, ili siku mwanafunzi akitaka kuwapeleka wote kaburini, mwalimu amzuie. Ni vitu vya siku ya balaa. Sasa mpira wa pedeli ya klachi ya Mama Mizani, iliyokanyagwa na wanafunzi wote wa mji ule, ulikuwa bado una mistari yake. Mpira wa klachi ya Kamanda ulikuwa umelika ukaisha, na chuma chake kinang'aa kama kijiko. Juu yake kilikaa kiatu cha Kamanda, kimejilaza kwa raha zake.

Mama Mizani alicheka. Kicheko kilianzia tumboni kikamtoa machozi, na Kamanda, kwa kukosa la kufanya, akapuliza filimbi.

"Toa mguu, Kamanda."

"Mguu gani?"

"Huo. Unaokanyaga klachi."

"Mimi sikanyagi klachi. Nimeuweka tu. Kwa ajili ya usalama."

"Usalama wa nani, na gari linatutoa meno?"

"Sikiliza, mama. Mimi nimeanza kufundisha watu udereva kabla wewe hujazaliwa."

Alikuwa mdogo kwa Mama Mizani, na si kwa mwaka mmoja. Mama Mizani aligeuza gari kuelekea gereji, nalo likatetemeka njia nzima, kwa sababu mguu haukutoka.

Fundi alipoelezwa, uso ulimshuka. Kuikubali habari ile kulimaanisha kwamba plagi, tairi, mipira na utaalamu wote wa bisibisi vilikuwa kazi bure. Basi akasimama upande wa Kamanda papo hapo. Akasema klachi kukanyagwa kidogo tu haiwezi kuleta mtetemo wa namna ile. Kamanda akatikisa kichwa kukubali, na kwa dakika kadhaa wakasifiana ujuzi.

"Haya," alisema Mama Mizani. "Tujaribu. Shemeji, wewe utakaa mbele na miguu yako umeikunja juu ya kiti. Kamanda atakaa nyuma."

"Sheria hairuhusu," alisema Kamanda.

"Na mimi leo nitapita kwa dada," Mama Mizani alimgeukia fundi. "Atataka kujua mumewe ni fundi wa aina gani, anayeogopa kupanda gari alilolitengeneza mwenyewe."

Fundi akapanda. Akakunja miguu kama mtu aliyeketi mkekani na tumbo likamjaa mapajani. Kamanda akasukumwa nyuma, akakaa katikati ameshika viti vyote viwili.

Mama Mizani akawasha gari, akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi. Gari likaruka, likazima.

Kamanda alicheka kwa sauti. "Ehe! Endelea, fundi wa unga."

Akaliwasha tena. Likazima tena. Jasho jembamba lilimtoka. Ilikuwa ni kama mbele ya mtahini, vile vile kabisa, kwa sababu ambayo bado hakuwa ameielewa. Safari ya tatu aliachia klachi polepole mno, gari likajikwaa kama mlevi mlangoni, kisha likaondoka. Gia ya pili. Akakanyaga mafuta. Hakuna kitu. Gia ya tatu, akakanyaga mpaka injini ikalalamika. Kioo kimetulia, usukani umetulia, bango juu ya paa kimya.

Fundi alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Akayafumbua taratibu.

"Halitetemeki," alisema.

"Barabara hii ni laini," alisema Kamanda kutoka nyuma.

Wakabadilishana viti. Kamanda akarudi mbele, kiatu kikarudi kwenye pedeli, na barabara ile ile laini ikawatetemesha mpaka fundi akashika mlango. "Toa," fundi akasema. Gari likatulia. "Weka." Likatetemeka. "Toa." Likatulia. Fundi akaangua kicheko, kisha, bila hata kupepesa macho, akamgeukia Mama Mizani na kuanza kumwelimisha.

"Unaona, shemeji, mimi klachi niliishuku tangu mwanzo. Ikikanyagwa nusunusu, ile sahani haishiki sawasawa wala haiachii. Inashika, inateleza, inashika, inateleza. Gari likienda taratibu hujui. Ukikanyaga mafuta, injini inavuta kwa nguvu, na ile nguvu inafika kwenye magurudumu kwa kukatikakatika. Ndiyo huo mtetemo. Na ndiyo maana sahani zinaungua."

Mtu aliyekana jambo asubuhi akalifundisha mchana! Siku nyingine Mama Mizani angemvua nguo kwa maneno. Siku hiyo hakuwa na nafasi. Alikuwa anafikiri kwa nini gari lilizima.

Kisha jibu likamjia. Mwezi baada ya mwezi, kila alipoachia klachi, kulikuwa na mguu mwingine unaoishika isimtoroke. Hakuwa amewahi kuondoa gari hata siku moja. Kamanda ndiye aliyeliondoa, kila mara, na yeye alikuwa abiria aliyeshika usukani. Kisha anakuja mtahini, anakaa kwenye kiti kile, anakunja miguu yake kama mtu mstaarabu, na gari linazima. Ndivyo walivyofeli wote, wale vijana, wale wazee, yule mama wa duka la vitambaa aliyelia mpaka akakata tamaa. Na wote walirudi nyumbani wakiilaumu miguu yao.

"Ulituambia ni uoga," alimwambia Kamanda. Sauti yake ilikuwa ndogo, na fundi, aliyeizoea ile kubwa, akarudi nyuma hatua moja. "Watu wazima tumelala hatujala kwa sababu yako."

"Nilikuwa nawasaidia," alisema Kamanda.

"Shemeji, kitoe hicho chuma cha klachi, na pedeli yake. Breki iache."

Kamanda alipiga kelele, akataja sheria, akataja kanuni, akataja watu wakubwa anaofahamiana nao. Fundi alikuwa ameshalala chini ya dashibodi na spana yake. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kufungua boneti.

Alhamisi nzima Mama Mizani alijifunza kuendesha gari, upya, tangu mwanzo. Lilizima kwenye kona, likazima mbele ya lango la shule, likazima katikati ya msururu na watu wakamtukania mpaka babu zake. Kamanda, pembeni, hakufoka hata mara moja. Midomo ilikuwa imemkauka. Kufikia jioni gari lilikuwa linazima mara mojamoja tu, na Mama Mizani alikuwa amejua kitu ambacho hakuwahi kuambiwa: kwamba kuna mahali, katikati ya kukanyaga na kuachia, ambapo gari linanong'ona linataka kwenda, na unalisikia kwenye unyayo.

Ijumaa mtahini alikuwa mwanamke mwenye miwani na mdomo usiotoa tabasamu ovyo. Alikaa, akakunja miguu, akasema "twende." Gari likaenda. Alimpeleka kwenye kilima, akamsimamisha katikati yake, lori likiwa nyuma. Mama Mizani aliushika mpini wa breki ya mkono mpaka vidole vikauma, akausikiliza unyayo wake, akaachia. Gari lilirudi nyuma kidogo, kidogo tu, kisha likapanda. Mtahini akaandika.

"Umepita," alisema, bila hata kumtazama, akafungua mlango akashuka.

Mama Mizani alibaki amekaa. Alitaka kucheka akajikuta analia, akajifuta haraka kwa kanga, maana Kamanda alikuwa anakuja na kundi zima la wanafunzi waliokuwa wakingoja zamu.

"Mmeona?" Kamanda alikuwa anawatangazia. "Mmeona kazi yangu? Huyu alinijia hajui hata kufungua mlango!"

Wanafunzi wakapiga makofi. Mtu hana haya wala soni. Mama Mizani akamfungulia mlango wa pembeni. "Panda, mwalimu," alisema. "Nikurudishe."

Aliendesha vizuri, na alijua anaendesha vizuri. Alikuwa ametayarisha maneno ya kumwambia njia nzima, maneno yaliyonolewa siku mbili. Lakini alipomtupia jicho alimwona Kamanda ameshika kishikio cha mlango kwa mikono yote, na mguu wake wa kushoto unakanyaga sakafu tupu. Unakanyaga, unakanyaga, pale ambapo hakuna pedeli tena. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya shati la kaki.

"Unaogopa," alisema Mama Mizani. Hakuwa amekusudia kulisema hivyo. Lilimtoka tu.

Kamanda alilitazama soko likipita dirishani.

"Kila siku," alisema. "Kila mwanafunzi."

"Na umefanya kazi hii miaka yote?"

"Sasa ningefanya ipi?"

Kijembe Mama Mizani alikuwa nacho, tena kizuri. Akakimeza. Haikuwa huruma hasa, ila gari la mbele lilikuwa limesimama ghafla na alihitaji kukanyaga breki. Alipoinua macho Kamanda alikuwa ameshika kitasa.

"Nishushe hapa," alisema. "Nitatembea. Gari lipeleke uani kwangu, funguo mpe mke wangu."

Alishuka. Akavuka barabara akielekea upande usio wa nyumbani kwake, akatazama kushoto na kulia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Magari yaliyokuwa mbele yakaanza kuondoka. Mama Mizani akaachia klachi, kwa pupa, na gari likaruka likazima.

Honi zikalia nyuma yake. Aligeukia kiti cha pembeni, mdomo umeshafunguka, tusi limeshafika ulimini. Hakukuwa na mtu. Lilikuwapo taulo tu, limekunjamana pale Kamanda alipokuwa amekaa. Honi zikaongezeka. Akatoa gia, akawasha gari, akaweka gia ya kwanza, na safari hii akaachia polepole.